Swala Twiga na Garanuug: Kitendawili cha Jina la Mnyama wa Nyika ya Dagahaley

Katika nyika ya Garissa, kwenye vichaka vya miiba vinavyoenea kutoka Mto Tana hadi mpaka wa Somalia, huishi mnyama mwembamba mwenye shingo ndefu na kichwa kidogo ambaye Kiswahili Sanifu humwita swala twiga. Wasomali, ambao ndio wenyeji wa nyika hiyo, humwita garanuug. Waingereza walilichukua jina la Kisomali wakaliandika gerenuk, na kwa tahajia hiyo likaenea katika vitabu vya wanyamapori ulimwenguni. Mengi ya vitabu hivyo huongeza maelezo mafupi kwamba neno hilo, katika Kisomali, maana yake ni “mwenye shingo ya twiga”.

Nusu ya kwanza ya maelezo hayo, yaani kwamba jina ni la Kisomali, haina ubishi. Nusu ya pili ndiyo kitendawili. Makala haya yanaichunguza nusu hiyo kwa kutumia mofolojia ya Kisomali kwa upande mmoja na nomino ambatani za Kiswahili kwa upande wa pili, na mahali pa kusimamia uchunguzi huo ni Dagahaley.

Dagahaley imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1992 ikiwa mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za wakimbizi za Dadaab pamoja na Ifo na Hagadera, imekuwa na shule zinazofuata mtaala wa Kenya, ambamo Kiswahili ni somo la lazima katika shule za msingi. Kwa hiyo maelfu ya watoto ambao lugha yao ya kwanza ni Kisomali wamejifunza huko majina ya wanyama kwa Kiswahili. Mwalimu akiandika ubaoni swala twiga, kisha akawaeleza kwamba hata katika lugha yao jina la mnyama huyo lina maana ya shingo ya twiga, atakuwa anawaeleza jambo ambalo wao wenyewe wanaweza kulipima, naye pengine hawezi. Mwanafunzi atalitazama neno garanuug asimwone twiga ndani yake. Kama ni mwanafunzi mwenye adabu, atanyamaza. Kimya cha namna hiyo ndicho kinachoacha makosa yaishi kamusini miaka mingi.

Sababu ya pili ni jina lenyewe la Dagahaley, ambalo ni somo zuri la kuanzia.

Mawe na urefu: jinsi Kisomali kinavyounda majina

Tangu mwaka 1972 Kisomali kimekuwa na tahajia rasmi ya herufi za Kirumi. Katika tahajia hiyo herufi x husimamia sauti ya h itokayo ndani ya koo, kama ile ya Kiarabu, na dh si dh ya neno la Kiswahili dhambi, bali ni d inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi kuelekea kaakaa. Ramani za Kenya hazikujishughulisha na tofauti hizo. Zilichukua jina ambalo kwa Kisomali lina dhagax, yaani jiwe, pamoja na kiambishi tamati -ley, zikaandika Dagahaley. Kiambishi -le au -ley hubeba dhana ambayo Kiswahili huieleza kwa -enye: dukaanle ni mwenye duka. Dagahaley basi ni mahali penye mawe.

Jirani yake, Hagadera, kwa tahajia ya Kisomali ni Xagardheer. Xagar ni aina ya mti wa nyikani, na dheer ni -refu. Nomino hutangulia, kivumishi hufuata, kama katika Kiswahili. Mfano ulio maarufu zaidi ni neno madaxweyne, lenye madax (kichwa) na weyne (kikubwa), ambalo leo ndilo neno la Kisomali la “rais”. Msomaji wa Kiswahili hapati tabu yoyote kulitenga neno hilo, maana mpangilio wake ni uleule wa kichwa kikubwa.

Kutokana na mifano hii mitatu twapata vipimo viwili. Jina la Kisomali linalotaja sifa kwa kuambatanisha maneno kwa kawaida huweka neno kuu mwanzoni na sifa mwishoni. Na jina linalosema kwamba kitu “kina” kitu kingine lina kiambishi cha kulitambua.

Sasa yachukuliwe maneno ambayo tafsiri ya vitabuni inayahitaji. Twiga kwa Kisomali ni geri. Shingo ni luqun, na pia qoor. Anayetaka kumwita mnyama kwa shingo yake ana vifaa vyote mkononi: luqun pamoja na dheer ikiwa anataka kusema shingo ndefu, au luqun pamoja na geri ikiwa ni lazima twiga aingie. Katika garanuug hakuna luqun, hakuna qoor, wala hakuna -le ya mwishoni. Sehemu pekee inayokaribia ni ile gar- ya mwanzo, na hata hiyo ina irabu a mahali ambapo geri ina e.

Hapa ndipo chanzo cha kosa kinapoonekana, angalau kwa kukisia. Aliyelitazama neno katika tahajia ya Kiingereza, gerenuk, aliona gere- na kwa haraka akasikia geri. Irabu mbili za e zilimpa twiga. Alipokwisha kumpata twiga, shingo ilijileta yenyewe, kwa kuwa mnyama mwenyewe ana shingo isiyoweza kupuuzwa. Lakini irabu hizo ni za Kiingereza. Likirudishwa neno katika tahajia ya wenyewe, garanuug, ule mfanano unayeyuka.

Mitego mingine mitatu

Mtu akishakataa tafsiri moja, hujaribiwa kutunga nyingine, na Kisomali kina vishawishi vingi. Vitatu vinastahili kutajwa ili visije vikachapishwa siku moja kama ugunduzi.

Neno gar katika Kisomali lina maana ya kidevu au ndevu. Kitenzi nuug kina maana ya kunyonya. Vikiunganishwa, neno zima limekwisha kugawanyika bila kusalia hata sauti moja ila a ya katikati, na mgawanyo huo unavutia kuliko ule wa twiga. Lakini unaleta nini? Kidevu kinachonyonya, au kinachonyonywa, si maelezo ya mnyama yeyote anayejulikana Garissa. Urahisi wa kukata neno vipande si ushahidi kwamba neno lilijengwa kwa vipande hivyo. Kwa njia hiyohiyo mtu angeweza kudai kuwa Kiswahili kitanda kimetokana na kita na nda.

Mtego wa pili ni garan, umbo la kitenzi cha kujua au kutambua. Msomali asiyejua jambo husema ma garanayo. Kutoka hapo hadi kisa cha mzungu mwindaji aliyeuliza jina la mnyama akajibiwa “sijui”, naye akaandika jibu hilo kama jina, ni hatua moja tu. Visa vya aina hiyo husimuliwa kuhusu majina mengi duniani na karibu vyote ni porojo. Kwa garanuug kisa hicho hakisimami hata kidogo, kwa sababu neno hilo si la wageni tu: Wasomali wenyewe ndilo wanalolitumia.

Mtego wa tatu ni wa Kiswahili na una uzuri wake. Swala katika Kiswahili ni mnyama, na swala, au sala, ni ibada, kutoka Kiarabu. Msomali wa Dagahaley husema salaad kwa ibada hiyo, kwa hiyo anapolisikia jina swala twiga kwa mara ya kwanza, maana inayomjia huenda ikawa ya msikitini. Tena mnyama huyu ana tabia ya kusimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka, akila majani ya juu ambayo swala wengine hawayafikii. Ni rahisi kuona jinsi mtoto mwerevu anavyoweza kuyaunganisha mambo haya mawili: mnyama anayesimama kama mtu aliye katika swala. Mwalimu asimcheke. Amefanya kile kile walichofanya waandishi wa vitabu, na pengine kwa ubunifu zaidi. Amwoneshe tu kwamba sarufi ya Kiswahili imekwisha kuyatenga maneno hayo: mnyama yuko katika ngeli ya A-WA, husemwa swala wawili wanakula, ibada iko katika I-ZI, husemwa swala mbili zimepita. Ni homonimu, maneno mawili yaliyokutana kwa sauti na ambayo upatanisho wa kisarufi huyatofautisha mara moja.

Jina linaloeleweka lilivyo

Isije ikadhaniwa kwamba Kisomali hakina majina ya wanyama yanayochambulika. Yupo swala mwingine mwenye shingo ndefu, asiyepatikana Kenya bali katika Somalia na Ogaden ya Ethiopia, ambaye Kiingereza humwita dibatag kutokana na Kisomali. Jina hilo hufasiriwa kwa neno la mkia, dabo, na la kuinua au kusimamisha, taag. Mnyama huyo anapokimbia huuinua mkia wake wima. Hapa sauti zinakubali, maana inakubali, na mwenendo wa mnyama unakubali. Mambo matatu yanapokutana namna hiyo, mtafiti ana haki ya kuridhika. Katika tafsiri ya “shingo ya twiga” ni moja tu lililokubali, nalo ni umbo la mnyama.

Ni vema kukumbuka pia kwamba jina halilazimiki kuwa na maana nyingine zaidi ya kile linachokitaja. Waswahili hawaulizani twiga maana yake nini, wala simba, wala fisi. Ni majina ya msingi, yaliyorithiwa au kupokelewa zamani, na ambayo leo hayachambuliki na mzungumzaji wa kawaida. Kinachowafanya watu watake maana kutoka kwa garanuug ni kwamba wamekutana nalo kama neno la kigeni, na neno la kigeni hudhaniwa daima kuficha jambo.

Twiga mwenyewe amewahi kupatwa na mkasa kama huu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China akapokewa katika dola ya Ming kama qilin, mnyama wa heri katika hadithi za Kichina. Katika Kijapani jina hilohilo, kirin, ndilo jina la kawaida la twiga hadi leo. Wapo waliodai kwamba Wachina waliongozwa na mfanano wa sauti kati ya qilin na neno la Kisomali la twiga. Lakini twiga huyo alitoka Malindi, bandari ya Waswahili, na sababu ya kumwona kuwa mnyama wa heri zilikuwapo za kutosha katika siasa za dola ile bila kumwita mkalimani wa Kisomali. Mfanano wa sauti pekee ni shahidi wa kununuliwa kwa urahisi.

Kiswahili kilisema nini?

Ikiwa twiga hayumo katika garanuug, basi yumo katika swala twiga, na hapo aliwekwa na Waswahili. Jina hili ni la kundi la nomino ambatani ambamo neno la kwanza hutaja jamaa ya mnyama na la pili hubainisha aina. Kundi hilo si la namna moja. Katika punda milia neno la pili ni sifa ya ngozi. Katika mbwa mwitu na fisi maji ni makazi. Bata bukini amepewa jina la mahali, kwa kuwa Bukini ni Madagaska. Swala granti na swala tomi wamebeba majina ya wasafiri wa Kiskoti, Grant na Thomson, ambao hawakuwa na shingo ndefu wala mkia wa ajabu. Swala twiga ni wa aina ya pekee zaidi: mnyama mmoja anaelezwa kwa mnyama mwingine.

Muundo huo unadai uangalifu. Swala ndiye kichwa cha kirai, twiga ndiye mbainishaji. Ukigeuza ukasema twiga swala, utakuwa umemtaja twiga. Ukitia kihusishi ukasema swala wa twiga, utakuwa umempa twiga mali asiyokuwa nayo. Wanafunzi hukosea hapa mara nyingi, hasa wale ambao lugha zao za kwanza hupanga umiliki kwa njia nyingine. Wagiriki wa kale walitumia njia hiihii kwa twiga mwenyewe: walimwita kwa kuunga ngamia na chui, na jina hilo bado limo katika jina lake la kisayansi, Giraffa camelopardalis. Hakuna anayedhani kwamba ngamia na chui wamo katika neno la Kiswahili twiga kwa sababu wamo katika la Kigiriki. Ndivyo ilivyopasa iwe kwa garanuug, lakini kwa kuwa Kiswahili na Kisomali ni majirani, imekuwa rahisi kudhani kwamba jina moja ni tafsiri ya jingine.

Wanasayansi nao walitazama kwingine kabisa. Jina la kisayansi la mnyama huyu ni Litocranius walleri. Sehemu ya pili ni heshima kwa Mwingereza aitwaye Waller. Sehemu ya kwanza, iliyotolewa na Franz Friedrich Kohl mwaka 1886, imejengwa kwa maneno ya Kigiriki ya jiwe na fuvu la kichwa, kwa kuwa fuvu lake ni gumu. Mnyama mwenye jiwe kichwani na kambi yenye mawe jinani: sadfa tupu, na makala haya hayajengi lolote juu yake. Inatajwa kwa sababu inaonesha jinsi mnyama mmoja anavyoweza kutazamwa na macho tofauti. Mswahili aliona shingo. Kohl alishika fuvu.

Na Msomali je? Hapa kuna dokezo lisilotoka katika sauti za neno. Imewahi kuandikwa kwamba zamani baadhi ya Wasomali waliepuka kumwinda garanuug kwa kumhesabu kuwa na udugu na ngamia, wakihofia kwamba kumuua kungewaletea ngamia wao madhara. Mfugaji anayelinganisha hivyo ana hoja. Garanuug ana shingo ndefu, anakula majani ya miti badala ya nyasi, na anaweza kuishi muda mrefu bila kunywa maji, maana hupata unyevu kutoka katika majani anayokula. Hizo ni sifa ambazo mfugaji wa nyika kame huzithamini kila siku. Lugha yake ina geel kwa ngamia kwa jumla, hal kwa jike, awr kwa dume la mizigo, nirig kwa ndama. Mtu wa lugha hiyo akitafuta mnyama wa kumfananisha na swala mwenye shingo ndefu, ngamia yuko mlangoni, twiga yuko mbali. Tafsiri ya “shingo ya twiga” haikuwa na kosa la sarufi peke yake. Ilimtwika mfugaji jicho la mtu mwingine.

Kazi ya kamusi na ya uwandani

Katika leksikografia ya Kiswahili suala hili si dogo kama linavyoonekana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981 na kutolewa tena mwaka 2004, ilizoesha wasomaji kuona asili ya neno la mkopo ikioneshwa kwa ufupisho wa lugha lilikotoka. Majina ya wanyama wa kaskazini mashariki mwa Kenya yataendelea kuingia katika Kiswahili kwa wingi. Hirola, swala adimu wa Garissa, amekwisha kuingia kwa jina la huko huko, na Kiswahili hakijapata hasara yoyote kwa kutomwita kwa jina la mwindaji Hunter. Swala twiga hana haja ya kuondolewa; ni jina zuri, linaeleza, na limezoeleka. Linachohitaji ni kuachwa liwe la Kiswahili. Kitomeo kinachotaja gerenuk kioneshe kwamba asili yake ni Kisomali garanuug, kisha mahali pa maana ya asili paachwe wazi. Nafasi tupu katika kamusi inaudhi, lakini ni ya kweli kuliko sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabu cha watalii.

Anayetaka kuijaza nafasi hiyo itambidi atoke maktabani. Kisomali si kimoja: mbali na lahaja zilizo msingi wa lugha sanifu, kuna Kimaay cha kati ya mito Juba na Shabelle, chenye sauti na msamiati unaotofautiana sana na lahaja hizo. Watu wa lugha zote hizo walikutana katika kambi za Dadaab baada ya dola ya Somalia kuporomoka mwaka 1991. Walikuwapo pia Wabantu wa bonde la Juba, ambao baadhi yao walikuwa bado wakisema Kizigula, lugha ambayo wazee wao walitoka nayo pwani ya Tanzania ya leo walipochukuliwa utumwani katika karne ya 19, na ambayo jamaa yake bado inasemwa Handeni. Wengi wao walihamishwa Kakuma kuanzia mwaka 2002, kisha wakaenda Marekani.

Kwa msailiwa wa Kimaay swali la kwanza lisiwe “garanuug maana yake nini”, kwa kuwa swali hilo hualika kubuni. Aulizwe jina la mnyama kwa kuoneshwa picha yake. Aulizwe jina la dume, ambaye peke yake ana pembe, na la jike, na la mtoto. Aulizwe kama sehemu yoyote ya jina hilo hutumika kwa mnyama mwingine au kwa mti. Kwa mzungumzaji wa Kizigula kuna swali la ziada ambalo mwanafunzi wa Kiswahili ana hamu nalo zaidi: jamaa zake walipofika Juba, wakamkuta mnyama huyu mwenye jina la Kisomali tayari, je, walilipokea, au nao walimtafuta katika wanyama wao wa zamani mmoja wa kumfananisha naye, kama Waswahili walivyomtafuta twiga?